Bonde la Marubani: Safari ya Jangwa la Mojave kati ya Vipimo na Soga

Kaskazini mwa jiji la Los Angeles, nyuma ya safu ya milima ya San Gabriel, limelala bonde pana na kavu liitwalo Antelope Valley, ambalo ni pembe ya magharibi ya jangwa la Mojave katika jimbo la California, na ambalo kwa zaidi ya miaka 80 limekuwa uwanja mkuu wa Marekani wa kujaribia ndege za kivita zenye injini za jeti. Ndiko zilikowekwa rekodi nyingi za mwendo na za kimo, zikapimwa kwa vyombo na kuhifadhiwa kwenye majalada. Na ndiko pia zilikozaliwa soga nyingi za marubani, visa vya ujasiri ambavyo kila msimulizi huvitia chumvi yake kabla ya kumkabidhi mwingine. Si haki kuzichukulia soga hizo kuwa majisifu matupu ya vijana waliopewa mashine kali. Zilistawi pale ambapo siri ya kijeshi iliwafunga marubani midomo, na pale ambapo kifo kilikuwa karibu mno kuzungumzwa waziwazi, na anayelipita bonde hilo kutoka kusini hadi kaskazini anaweza kuyaona mambo yote mawili yakiwa yameacha alama zake ardhini.

Njia ya kawaida ya kuingia ni barabara kuu namba 14, ambayo hupanda milima na, muda mfupi kabla ya mji wa Palmdale, hupita katikati ya kilima kilichokatwa ili kuipisha, hivyo kwamba tabaka za mwamba zilizokunjwa na kupindwa huonekana pande zote mbili za lami. Mikunjo hiyo imesababishwa na ufa wa San Andreas, yaani mpasuko ambao mabamba mawili makubwa ya ganda la dunia husuguana pembeni mwake. Mara baada ya hapo bonde hufunguka, tambarare, lenye rangi ya kahawia hafifu, likiwa na upepo usiotulia na anga ambayo sehemu kubwa ya mwaka haina wingu. Anga hiyo safi ndiyo iliyolivuta Jeshi la Anga na viwanda vya ndege, na mpaka leo upande wa kaskazini-mashariki wa Palmdale kuna eneo kubwa la serikali lijulikanalo kama Kiwanda Namba 42, ambamo ndege za siri huundwa, huunganishwa au kufanyiwa matengenezo.

Pembeni mwa kiwanda hicho, kando ya barabara ya Avenue P, kuna makumbusho ya wazi yaitwayo Blackbird Airpark, ambamo ndege nyeusi mbili zimewekwa karibu karibu: A-12, iliyojengwa kwa ajili ya shirika la ujasusi la CIA na iliyokuwa ya kwanza ya aina yake kuruka mwaka 1962, na SR-71, iliyotokana nayo, ambayo aina yake iliruka mara ya kwanza kutoka Palmdale tarehe 22 Desemba 1964. Mgeni anaweza kusimama hatua chache tu kutoka kwenye mabawa na kuona jinsi ngozi ya ndege ilivyotengenezwa kwa madini ya titaniamu, chuma chepesi kinachostahimili joto, kwa sababu katika mwendo wake wa kawaida msuguano wa hewa uliupasha mwili wa ndege hiyo joto la nyuzi mamia kadhaa za Selsiasi, ukarefuka kwa sentimita kadhaa angani. Mafundi waliacha nafasi katika maungio ili chuma kipate pa kutanukia, na matokeo yake ni kwamba ndege ikiwa chini, ikiwa baridi, ilivuja mafuta sakafuni, jambo ambalo msikilizaji wa kwanza hulidhania kuwa porojo ingawa ni kweli tupu. Tarehe 28 Julai 1976 ndege ya aina hiyo iliweka rekodi ya mwendo wa kilomita 3,529 kwa saa, na miaka miwili kabla yake nyingine ilikuwa imevuka kutoka New York hadi London kwa muda usiofika saa mbili.

Ndege yenye sifa kama hizo isingekosa soga zake. Ipo moja isiyo na mwenyewe, inayosimuliwa katika kila kambi kwa majina tofauti: rubani anawaomba waongoza ndege ruhusa ya kutumia ngazi ya 600, maana yake kimo cha futi 60,000, ambacho ni zaidi ya kilomita 18 juu ya usawa wa bahari na hakifikiwi na ndege za abiria, mwongozaji, akidhani anafanyiwa mzaha, anamuuliza kwa kejeli atapandaje hadi huko, na rubani anamjibu kwa upole kwamba hapandi, bali anataka kushuka. Ya pili ina mwenyewe, naye ni Brian Shul, rubani wa SR-71 aliyeiandika katika kitabu chake Sled Driver. Humo anaeleza jinsi rubani wa ndege ndogo aina ya Cessna, aliyekuwa akipita kusini mwa California, alivyowauliza waongoza ndege mwendo wake na kuambiwa ni noti 90, noti moja ikiwa ni maili moja ya baharini kwa saa. Rubani wa ndege ya injini mbili akauliza wake, akapewa 125. Kisha rubani wa ndege ya kivita ya Jeshi la Majini, akitaka wote wamsikie, akauliza naye akatajiwa 620. Hapo ndipo Walter Watson, aliyekaa kiti cha nyuma cha SR-71 na kusimamia mitambo na redio, alipobonyeza kitufe na kuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, na jibu likaja kwamba ni noti 1,842.

Wapo wanaokipima kisa hicho kwa kanuni za redio na kuuliza kama marubani wote hao wangeweza kusikilizana, na swali lao ni halali. Hata hivyo uzito wa kisa hauko katika tarakimu zake, kwa kuwa mwendo huo ndege iliufikia mara nyingi na kuupita. Uzito wake uko katika ukimya uliokitangulia, kwani wafanyakazi wa ndege hiyo walikwenda na kurudi kwa miaka bila kuruhusiwa kusema walikotoka wala walichokiona, na redio ya kiraia, iliyo wazi kwa kila mtu, iliwapa nafasi adimu ya kujulikana kwa sekunde chache bila kuvunja kiapo. Inafaa pia kukumbuka kwamba msimulizi mwenyewe alikuwa ameanguka na ndege wakati wa vita vya Vietnam, akaungua vibaya, akafanyiwa upasuaji mara nyingi, kisha akarudi kurusha ndege; mtu wa namna hiyo anapochagua kusimulia kisa cha kuchekesha, uchaguzi huo unastahili heshima.

Tukio lililowapata Bill Weaver na Jim Zwayer, wafanyakazi wa kampuni ya Lockheed iliyoiunda SR-71, halihitaji chumvi ya yeyote. Tarehe 25 Januari 1966 waliondoka katika kituo cha Jeshi la Anga cha Edwards, na walipokuwa katika kimo cha mita 24,000 hivi, wakienda kwa Mach 3.18, mtiririko wa hewa katika mdomo wa injini ya kulia ulivurugika ghafla. Namba ya Mach, iliyopewa jina la mwanafizikia Ernst Mach, ni uwiano kati ya mwendo wa chombo na mwendo wa sauti mahali hapo hapo, na kwa hiyo ndege hiyo ilikuwa ikienda zaidi ya mara tatu ya mwendo wa sauti ilipopinda, ikainua pua na kusambaratika. Weaver hakupata nafasi ya kuvuta mpini wa kujirusha. Ndege ilivunjika ikamwacha hewani, kiti chake kikabaki katika mabaki, na kilichomwokoa ni vazi lake la shinikizo, ambalo lilijijaza hewa na kumfunika mwili mzima dhidi ya upepo na utupu wa kimo kile. Alipozinduka, kioo cha kofia yake kilikuwa kimefunikwa na barafu, haoni kitu, na kwa muda aliamini kwamba amekwisha kufa. Mwavuli ukafunguka wenyewe, akatua katika malisho ya ng'ombe kaskazini-mashariki mwa jimbo la New Mexico, na kabla hajamaliza kuukunja akamsikia mtu akimuuliza kama anahitaji msaada: alikuwa mwenye shamba, aliyefika kwa helikopta yake ndogo. Zwayer hakunusurika.

Yapata wiki mbili baadaye Weaver alirudi tena kazini katika SR-71 nyingine, na wakati wa kuondoka mhandisi wa kiti cha nyuma, ambaye hawezi kumwona rubani kwa sababu ya ukuta uliopo kati yao, akaanza kuita kwa wasiwasi akiuliza kama Bill bado yumo; taa ya kuonyesha kwamba rubani amejirusha ilikuwa imewaka kwa hitilafu ya swichi. Marubani hukisimulia kipande hicho cha pili kwa kicheko na kipande cha kwanza kwa sauti ya chini, na msikilizaji makini hutambua kwamba kicheko kile kinamsitiri Zwayer.

Kutoka Palmdale hadi Lancaster ni mwendo mfupi usio na mengi, ila katikati ya mji, kando ya barabara ya Lancaster Boulevard, zimewekwa nguzo na mabamba ya kuwaenzi marubani wa majaribio. Baada ya hapo barabara huelekea Rosamond, kisha mashariki hadi lango la Kituo cha Jeshi la Anga cha Edwards, ambako raia haingii bila kibali kilichoombwa mapema. Kiini cha kituo hicho ni ziwa kavu la Rogers, lenye eneo la kilomita za mraba 114 hivi. Mvua za majira ya baridi hulifunika kwa maji ya kina kifupi, upepo huyasukuma maji hayo huku na huku juu ya tope, na jua linapoyakausha hubaki sakafu iliyosawazishwa na asili yenyewe, ngumu kiasi cha kuibeba ndege nzito ikitua kwa kasi. Akiinama, mgeni huona udongo uliopasuka vipande vya pembe tano au sita, vinavyotoshana na kiganja, kingo zake zikiwa zimejikunja juu kidogo. Juu ya udongo huo zimechorwa njia za kurukia, ndefu kuliko zote ikiwa na urefu wa kilomita 12 hivi, ili rubani ambaye injini yake imezima apate mahali pa kushukia bila kuhesabu mita.

Hapo ndipo, mwezi Oktoba 1942, ilipojaribiwa ndege ya kwanza ya jeti ya Marekani, Bell XP-59A, wakati ambapo mahali hapo paliitwa Muroc. Ndege hiyo ilikuwa siri kubwa, hata ikawekewa pangaboi la bandia puani ilipokuwa chini ili mpita njia asitambue kwamba haihitaji pangaboi. Kutokana na siri hiyo kikazuka kisa cha Jack Woolams, rubani wa kampuni ya Bell, anayesimuliwa kwamba alivaa kinyago cha sokwe na kofia ya bwana mkubwa, akashika sigara nene mkononi, kisha akasogea na ndege yake isiyo na pangaboi karibu na vijana waliokuwa wakijifunza kurusha P-38, ndege za kivita za pangaboi, ili yule ambaye angerudi kambini na kueleza alichokiona asiaminiwe na mtu. Kisa hicho kimesimuliwa kwa muda mrefu katika historia ya ndege hiyo, na kinapendeza zaidi kikitazamwa kama maelezo ya siri yenyewe: serikali iliificha ndege kwa pangaboi la bandia, na rubani akaificha kwa kuifanya iwe kichekesho.

Miaka mitano baadaye, tarehe 14 Oktoba 1947, kapteni Charles Yeager, kijana wa West Virginia aliyekuwa amepigana angani Ulaya, alidondoshwa kutoka tumboni mwa ndege ya mabomu ya B-29 akiwa ndani ya Bell X-1, chombo chenye injini ya roketi, akapanda hadi mita 13,000 hivi na kufikia Mach 1.06, akawa mtu wa kwanza ambaye vipimo vinathibitisha kwamba aliupita mwendo wa sauti katika safari ya kawaida isiyo ya kuporomoka. Siku mbili kabla yake alikuwa ameanguka kutoka kwenye farasi usiku na kuvunjika mbavu mbili. Akamficha daktari wa jeshi, akatibiwa na daktari wa kiraia Rosamond, na kwa kuwa hakuweza kunyoosha mkono wa kulia kufunga mlango wa X-1, rafiki yake Jack Ridley, rubani na mhandisi, alimkatia kipande cha mpini wa ufagio ili akitumie kama wenzo. Kisa cha ufagio hupendwa kuliko vyote, nacho ni cha kweli, lakini kimeufunika mchango mkubwa zaidi wa Ridley. Karibu na Mach 0.94 vipande vya nyuma vya mkia vinavyoiinua na kuishusha pua ya ndege vilipoteza nguvu kabisa, kwa sababu ya mawimbi ya mshtuko wa hewa yaliyokaa juu yake, na Ridley ndiye aliyefanya hesabu na kushauri kwamba bawa lote la mkia lizungushwe badala yake. Bila ushauri huo mpini wa ufagio ungefunga mlango wa ndege isiyoongozeka.

Kwenye majengo ya pembeni ya ziwa, kina mama walioajiriwa kama wakokotozi, chini ya Roxanah Yancey, walisoma kwa macho mistari iliyochorwa na miali ya mwanga kwenye filamu zilizokuwa ndani ya ndege na kuigeuza kuwa namba. Walikuwa waajiriwa wa NACA, kamati ya taifa ya utafiti wa anga ambayo mwaka 1958 iligeuka kuwa NASA. Matokeo ya safari ya Yeager yalifichwa mpaka Juni 1948, na katika miezi hiyo ya ukimya dai lingine lilipata pa kukulia. Inasimuliwa kwamba tarehe 1 Oktoba 1947, majuma mawili kabla ya Yeager, George Welch, aliyekuwa akiirusha mara ya kwanza ndege ya XP-86, aliielekeza chini na kuupita mwendo wa sauti, na kwamba mlipuko wake ulisikika katika nyumba ya wageni ya Pancho Barnes. Tarehe ya safari hiyo ya kwanza ina uhakika; kilichokosekana ni vyombo vya kupimia, na safari ya XP-86 inayokubaliwa rasmi kuwa ilipita Mach 1 ni ya Aprili 1948. Kwa mwandishi wa makala haya, dai la Welch linawezekana kiufundi na halithibitiki kihistoria, na wanaolikataa kwa dharau wanakosea sawa na wanaoliweka katika vitabu kama jambo lililokwisha amuliwa.

Nyumba hiyo ya wageni, ambayo magofu yake yamo ndani ya kituo, ilikuwa ndiyo baraza la soga zote. Mwenyewe, Florence Barnes, aliyezaliwa Pasadena mwaka 1901 na kujulikana kwa jina la Pancho, alikuwa rubani hodari aliyeivunja rekodi ya mwendo ya wanawake ya Amelia Earhart mwaka 1930, hivyo hakuna kijana aliyeweza kumdanganya kuhusu ndege. Rubani aliyeupita mwendo wa sauti kwa mara ya kwanza alipewa kwake chakula cha jioni cha nyama ya kuchoma bila malipo. Moto uliiteketeza nyumba Novemba 1953, na baada ya mashauri mahakamani ardhi ikachukuliwa na serikali.

Soga za baadaye zilimpata hata Neil Armstrong. Tarehe 20 Aprili 1962, akirudi kutoka kimo cha zaidi ya kilomita 60 ndani ya ndege ya roketi ya X-15, aliiinua pua mno, hewa nyembamba ikashindwa kumgeuza, akapitiliza hadi juu ya Pasadena, kisha akarudi akiteleza bila injini na kutua ncha ya kusini ya ziwa. Rubani aliyemfuata aliulizwa, kwa mujibu wa masimulizi, Armstrong aliipita miti ya Joshua, yaani yuka wakubwa wa jangwa hilo, kwa nafasi ya futi ngapi, akajibu kwamba ni 100 au zaidi, upande wa kulia na upande wa kushoto. Mwezi huo huo Armstrong na Yeager walikwama na ndege ya T-33 katika tope la ziwa jingine kavu, la Smith Ranch huko Nevada, na hapa wasomaji wamebahatika kuachiwa masimulizi mawili yanayopingana: Yeager alidai alimwonya mwenzake kwamba udongo umelowa naye hakusikia, ilhali Armstrong alieleza kwamba walitua salama mara ya kwanza, Yeager akamshauri arudie polepole zaidi, na magurudumu yalipozama mzee akaangua kicheko.

Mitaa ya kituo imepewa majina ya marubani waliokufa kazini, na kituo chenyewe kilipewa mwishoni mwa 1949 jina la Glen Edwards, aliyekufa tarehe 5 Juni 1948 pamoja na wenzake wanne katika YB-49, ndege iliyokuwa bawa tupu bila mkia. George Welch naye hakuzeeka. Mwaka 1953 aliirusha YF-100 kwa mara ya kwanza na kuupita mwendo wa sauti siku hiyo hiyo, safari hii vyombo vikishuhudia, na tarehe 12 Oktoba 1954, akiijaribu F-100A kwa kuiporomosha na kuiinua kwa nguvu katika Mach 1.55, ndege ilijipindua na kuvunjika angani karibu na ziwa kavu la Rosamond. Wahandisi walikuta kwamba ndege ndefu yenye mabawa mafupi, ikibingirika kwa kasi, huvutwa na uzito wa mwili wake wenyewe hadi mkia ushindwe kuirudisha kwenye mwelekeo. Ndege zote za aina hiyo zikasimamishwa, mkia wa wima ukaongezwa ukubwa, mabawa yakarefushwa, na miezi michache baadaye marubani wengine wakazirusha tena.